Kurasa Sitini na Moja za Waamini

Kwa miaka thelathini na mmoja kazi yake ilikuwa kuandika maneno ya watu wengine. Alikuwa karani wa mahakama, na meza yake ilikaa chini kidogo ya kiti cha hakimu, upande wa dirishani. Shahidi akisema "nilimwona", aliandika nilimwona. Akisema "nilimwona, nadhani", aliandika na hiyo nadhani, kwa sababu aliwahi kushuhudia mtu akiachiwa huru kwa ajili ya neno hilo moja. Hati mkato aliijua kama wengine wanavyojua kusuka nywele: vidole vilikwenda vyenyewe huku macho yakiwa kwa msemaji. Mtaa mzima ulimwita Karani, na alipostaafu, jina halikustaafu naye.

Alikuwa mjane. Binti yake mmoja aliolewa mbali, na wifi yake mmoja aliishi karibu mno. Wifi huyo, dada wa marehemu mumewe, alikuwa mwenyekiti wa halmashauri ya walei, waamini wasio mapadre, parokiani kwa miaka kumi na minne. Hakuchaguliwa na mtu. Paroko wa zamani alimteua, paroko mpya akamkuta, mambo yakaenda hivyo hivyo.

Mwaka mmoja askofu akaandika barua, ikasomwa makanisani. Alitaka waamini wa kila parokia waulizwe wanatamani nini katika Kanisa lao, majibu yakusanywe, yeye apelekewe. Karani alisubiri kuulizwa. Baada ya wiki tatu akaona karatasi moja imebandikwa kwenye ubao karibu na mlango wa kanisa. Ilisema: "Waamini wote wamesikilizwa. Hawana la kuongeza." Chini yake palikuwa na saini ya wifi.

Aliisoma mara mbili, kisha akaenda moja kwa moja hadi kwa wifi, ambaye alikuwa uani anaanua nguo.

"Wifi, nani kasikilizwa?"

"Waamini."

"Mimi si muumini?"

"Karani, usinianze. Tulikaa mimi, katekista na mwalimu wa kwaya, tukasali, tukajaza. Ulitaka tuujaze uwanja?"

"Mahakamani karatasi ile ingetupwa nje."

"Basi ipeleke mahakamani," wifi akasema, akamrushia ncha ya shuka. "Shika huku tukunje."

Wakalikunja shuka pamoja, maana udugu ni udugu. Lakini Karani alirudi kwake bado anaiwaza ile karatasi. Katika maisha yake hakuwahi kupinga jambo lolote kanisani. Ila kumbukumbu ya uongo ilikuwa kitu ambacho mkono wake haukuweza kukipita kimyakimya, hata kikiandikwa na mtu anayempenda.

Jumapili iliyofuata alisimama getini baada ya misa, akawa anawaambia watu mmoja mmoja: "Jumamosi saa tisa alasiri, kwangu. Sikuiti kulalamika. Njoo useme unachotamani, nitaandika kama ulivyosema." Aliwaambia watu kama thelathini. Akapanga viti tisa kwenye chumba chake cha mbele, akachonga penseli nne.

Wakaja watatu.

Wa kwanza alikuwa muuguzi wa wodi ya wagonjwa mahututi, bado yuko na sare. Wa pili fundi viatu wa pale kona, mtu aliyekaa benchi la mwisho kanisani kwa miaka kumi na saba. Wa tatu hakualikwa na mtu. Alikuwa mfagiaji na mpiga kengele wa kanisa, mzee mwembamba aliyejulikana kwa jina la Kimya. Watu walisema ni bubu. Alikaa karibu na mlango, kofia magotini, na wote wakadhani amekuja kupumzisha miguu.

Karani akaweka utaratibu wake: mmoja anasema, wengine hawamjibu. Akimaliza, anasomewa maneno yake, naye anasema "ndivyo" au anasahihisha, na jina lake huandikwa akitaka tu.

Muuguzi akaanza. "Nimewafumba macho watu wengi nikisubiri padre afike. Padre ni mmoja na wodi ni nyingi, simlaumu. Mtu anakata roho, ananishika mkono, anataka sala. Nasali naye, lakini nasali kama mwizi, naangalia mlango, nikijiuliza kama nimeruhusiwa. Natamani tufundishwe na tutumwe, tuwe nao."

Fundi viatu alisema machache. Mkewe aliwahi kuolewa, akaachwa na yule mume wa kwanza akiwa na mtoto mchanga mgongoni. "Nilimpenda, nikamwoa serikalini. Tangu hapo sipokei komunyo. Sibishani na sheria ya Kanisa. Natamani mtu mmoja tu wa Kanisa aje kwangu, akae, aulize ilikuwaje."

Karani akamsomea. Fundi viatu alisema "ndivyo", kisha akaomba asomewe tena. Ilionekana hajawahi kusikia maneno yake yakimrudia bila kutiwa ushauri ndani yake.

Hapo kikohozi kikasikika mlangoni. "Na mimi ninalo," alisema Kimya.

Muuguzi akajishika kifua. Fundi viatu akainuka nusu, akakaa tena.

"Mimi hufungua kanisa saa kumi na moja alfajiri," Kimya akaendelea, kwa sauti safi, isiyo na kutu hata kidogo. "Misa ni saa kumi na mbili. Katika saa ile moja huja watu ambao ninyi hamwaoni. Hawaingii. Husimama nje, upande wa mlango mdogo. Yuko mama anayeweka kiganja chake ukutani, anasali, anaondoka kabla hamjafika. Yuko bwana mmoja, zamani alikuwa padre. Wako mabinti wenye mimba. Mwaka huu nimehesabu, ni watu arobaini na mmoja. Ule mlango mdogo huwa nauacha wazi, nakwenda kufagia upande wa pili, wasione haya. Wengine huingia. Natamani Kanisa liwajue. Ni hayo tu."

Penseli ya Karani ilikuwa imesimama. Haikuwahi kusimama, si kwa kesi ya mauaji, si kwa kilio cha mama yeyote kizimbani. Maneno ya mwisho ilibidi ayaandike kwa kukumbuka. Alibatizwa ndani ya kuta zile, alifunga ndoa pale, alimzika mume kutoka pale, na muda wote huo kulikuwa na kanisa jingine limeegemea ukuta huo huo kwa nje. Alitazama mikono ya yule mzee, iliyokakamaa kwa mpini wa ufagio, akahisi anapaswa kusimama. Akasimama. Wenzake nao wakasimama, bila kuelewa vizuri kwa nini.

"Kumbe unaongea!" muuguzi alisema alipopata pumzi. "Miaka yote hiyo mbona hukusema?"

"Sikuulizwa. Paroko naye siku ya kwanza aliniashiria kwa mikono. Nikaona labda ndivyo anavyopenda."

Walicheka mpaka machozi, na Kimya alicheka kuliko wote.

Habari haikuhitaji kengele. Jumamosi ya pili walikuja kumi na mmoja, ya tano wakawa ishirini na sita, kitanda cha wageni kikahamishiwa uani na watu wakakaa hadi dirishani. Wakajiita Walei wa Jumamosi. Wengine walitaka makubwa na waliyataka sasa hivi. Wawili waliondoka wakisema kuandika si kutenda. Lakini Karani aliandika. Mahakamani alizoea watu wanaosema ili wajiokoe. Hapa watu walisema bila kutarajia chochote, wakisema "ndivyo" kama wanaosema amina. Wakishaondoka alikaa katikati ya vikombe visivyooshwa, asiweze kunyanyuka. Watu hawa aliwapa mkono wa amani kila Jumapili. Hakuwa amewajua hata mmoja.

Kisha Jumapili moja paroko akasema altareni: "Kuna mkusanyiko unaofanyika bila baraka. Wahusika waje ofisini." Wifi, aliyekaa benchi la mbele, hakugeuka, lakini shingo yake ilisema wazi ni nani aliyepeleka habari.

Muuguzi alitaka waende wote. "Hapana," Karani alisema. "Mashahidi hawaingii kabla ya kuitwa."

Jumatatu asubuhi alikwenda peke yake na kurasa sitini na moja, zilizopangwa kwa mada na kupigwa chapa kwa mkono wake. Paroko hakuwa mzee. Alikuwa na macho ya mtu anayelala vipande vipande.

"Mama, unanifanyia nini?"

"Nimekuja kukusomea, baba. Ukiniambia niache, nitaacha kusoma. Ila walichosema wameshakisema."

Akamwonyesha kiti. Karani akasoma kwa ile sauti yake ya mahakamani, isiyopanda wala kushuka. Palikuwa na mazuri juu ya paroko na palikuwa na machungu. Aliposikia kwamba mahubiri yake ni marefu kama foleni ya hospitali, alikunja uso.

"Nani kasema hivyo?"

"Ukurasa wa kumi na mbili, baba," Karani akajibu, akageuza ukurasa.

Kwenye ukurasa wa kumi na tisa paroko aliinua mkono. "Subiri. Kimya yupi huyu?"

"Kimya wetu. Wa kengele."

"Kimya anaongea?"

"Vizuri sana, baba."

Paroko akajifunika uso kwa viganja vyote viwili. Mabega yakaanza kutikisika, na Karani akadhani anacheka. Mwanzoni ni kweli alikuwa anacheka. "Miaka sita, mama," akasema kutoka nyuma ya viganja. "Miaka sita namwombea mtu huyu apone." Alipoondoa mikono macho yalikuwa yamelowa. Kisha akasema, "Endelea. Usiruke."

Karani alisoma hadi ukurasa wa mwisho. Alipomaliza akamuuliza, "Na wewe, baba, una la kuandikwa?" Paroko aliangalia nje. "Siku nyingine," akasema.

Kurasa zote zilikwenda kwa askofu, na juu yake paroko aliweka barua yake fupi: "Haya ni maneno ya waamini wangu. Mengine yananichoma. Sijafuta hata moja."

Jibu lilichukua miezi kumi na mmoja. Askofu aliagiza halmashauri ya walei ipigiwe kura na waamini wote, na walei wafundishwe kukaa na wagonjwa na kusali nao. Kuhusu wanaosimama nje ya mlango, alimtaka paroko awatafute kwa upole, asiwatangaze. Kuhusu mengine aliandika kwamba anaendelea kusikiliza. "Kusikiliza, kusikiliza, masikio hayajai?" fundi viatu alisema. Paroko alishakwenda kwake mara tatu, akakaa, akauliza ilikuwaje. Shauri la ndoa lilikuwa bado mezani kwa wakubwa, na fundi viatu bado alikuwa benchi la mwisho. Lakini sasa mkewe alikuja naye kila Jumamosi.

Siku ya kura, wifi aliyekuwa ameapa kutogombea aligombea. Mpinzani wake alikuwa muuguzi. Karani ndiye aliyesoma karatasi moja moja mbele ya watu, na wifi akashinda kwa kura tisa. Watu walipiga makofi, wakamtafuta, hawakumwona. Karani alimkuta amekaa kwenye ngazi za sakristia, chumba cha kuvalia cha padre, anajifuta kwa ncha ya kitambaa cha kichwani.

"Umeshinda, wifi. Unalia nini?"

"Miaka kumi na minne," wifi alisema, "sikujua kama mnanitaka. Nilikuwa naogopa kuuliza."

Karani akakaa naye pale chini. Moyoni alikuwa akiamini, ingawa hakumwambia mtu, kwamba kura ile ingemwondoa wifi yake. Aliona aibu, na aibu ile ilikuwa imechanganyika na kitu kikubwa kuliko aibu. Ukuta mwingine, akawaza, na nyuma yake mtu mwingine. Akamshika mkono.

Kikao cha kwanza cha halmashauri mpya kilikuwa cha paa. Bati mbili juu ya kwaya zilivuja, na wajumbe kumi na wawili waligombana kwa saa mbili: wazizibe, wazibadilishe, au wahamishe kwaya. Walikatizana kauli, wakaombana radhi, wakakatizana tena. Hakuna aliyesema kwamba wakubwa wenyewe wanajua, sisi tukae tu. Karani, aliyechaguliwa katibu bila mpinzani, aliandika kila neno, hata la mjumbe aliyesema kwaya ikilowa huenda ikapunguza nyimbo. Mwishoni wakakubaliana fundi bati aje Alhamisi, na wifi akafunga kwa sala fupi. Alhamisi fundi alikuja, akapanda, na mvua iliyofuata haikuingia.