Mitikisiko Ambayo Isidore Hakuisikia

Isidore alifungwa kitambaa machoni, akavishwa kofia yenye nyaya nyingi, kisha Docteur Stéphanie akamwekea kidole juu ya kibamba kidogo.

"Kikitikisika, bonyeza kitufe kwa mkono ule mwingine. Kisipotikisika, tulia. Ni hivyo tu."

Isidore alikuwa dereva wa winchi katika kiwanda kimoja cha shaba hapa Likasi, kazi ya kupitisha mizigo mizito juu ya vichwa vya watu. Tangu alipoanguka na pikipiki kwenye barabara ya Mulungwishi na kugonga kichwa, alikuwa amekaa nyumbani. Jeraha lilikuwa limepona. Alichotaka sasa ni ruhusa ya kurudi kazini. Mkewe, Mado, alikaa kwenye benchi, mkoba mapajani, akiogopa hata kukohoa.

Mwanzo ulikuwa rahisi. Kibamba kilitikisika, akabonyeza. Kimya. Kikatikisika tena, akabonyeza. Jasho likaanza kumtoka chini ya kofia. Alijikaza asiwaze kitu kingine, akajikuta anawaza jinsi anavyojikaza. Huko nje mwanamke alikuwa anatangaza samaki wa mto Lufira. Isidore alimsikiliza kidogo tu, akarudi.

Alipofunguliwa kitambaa alikuwa anatabasamu. "Sikuacha hata mtikisiko mmoja, ama namna gani?"

Mado aliinamisha macho. Alikuwa akiiona taa iliyowaka kila kibamba kilipotikisika.

"Uliacha mingi, Papa Isidore," daktari alisema, akamgeuzia skrini. "Haya ni mawimbi ya ubongo wako. Hapa ni madogo, uko macho. Hapa yanapanuka, kama ya muntu anayepumzika. Kidole kinaguswa, lakini weye hauko."

"Hapana! Minye nilikuwa hapa. Nilisikia yote!"

"Najua unaamini hivyo."

"Docteur, andika tu niko muzima. Mikono yangu inaijua ile kazi."

"Isidore," Mado alisema. "Na Exaucé?"

Exaucé, mdogo wake Mado, ndiye aliyekuwa akifunga minyororo ya mizigo kiwandani, chini kabisa ya mzigo. Isidore aliangalia tena yale mawimbi kwenye skrini. Alikuwa amekosa bila kujua kwamba amekosa.

Kesho yake alipanda taksibasi hadi kiwandani, yeye mwenyewe akamwambia msimamizi, kabla ya karatasi ya daktari kufika, kwamba asipewe winchi.

"Hata mizigo midogo? Madereva hawatoshi."

"Hata hiyo, chef."

Wakampeleka kuosha mabamba ya shaba. Wenzake wengine walimcheka, naye akavumilia, ingawa kila winchi ilipopita juu yake roho ilimuuma.

Mvua zilipokwisha alirudi kwa daktari, akafungwa kitambaa tena. Katikati ya jaribio akasema kwa sauti, "Hapo nimepotea."

Docteur Stéphanie aliangalia skrini. Kweli, mawimbi yalikuwa yamepanuka. "Umejua mwenyewe," alisema. "Basi tuendelee."