Kitabu cha Kunguru Kilichoingia Kwenye Kompyuta

Mkutubi wa chuo cha ualimu alikuwa mwanamke mpole, lakini ile kompyuta hakuiamini, na aliyekuja nayo ndiye hasa hakumwamini. Huyo alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, aliyeajiriwa kwa muda azihamishe kadi za vitabu kutoka kwenye madroo ya mbao ziingie kwenye mashine.

"Wifi, mbona kioo chako cheusi hivyo? Kompyuta za wenzio zina rangi na picha."

"Hii haitaki picha. Naiandikia amri, inatii. Nikisema panga kwa mtunzi, inapanga. Nikisema tafuta, inatafuta."

"Na ukisema mkutubi atoke?"

Wifi akacheka. Mkutubi hakucheka. Kiti kile ndicho kilichomsomeshea watoto. Sasa kila siku alimwona mwenzake akichapa vineno visivyo na kichwa wala miguu, na droo zima likamezwa chai ikiwa bado ya moto. Mtu anayeongea na mashine kwa mafumbo, utajuaje anaiambia nini juu yako?

Basi akaitega. Alichukua kadi tupu akaandika kwa mwandiko wake mzuri: *Kunguru na Dawa Yake*, mtunzi Mzee Kigoda. Hilo lilikuwa jina la utani la babu yake mzaa mama, ambaye maisha yake yote hakushika kalamu. Akaipa na namba ya rafu, akaichomeka katikati ya kadi za kilimo. Alijua wifi haendi rafuni kuhakikisha. Akipewa kadi anachapa tu, kwa kuwa imetoka kwa mkubwa wake.

Mashine ikameza. Mkutubi akatabasamu peke yake: kumbe na ujanja wako wote hujui kitu!

Siku mkuu wa chuo alipokuja kukagua, hakuuliza mambo makubwa. Kunguru walikuwa wanammalizia vifaranga vyake.

"Hebu iambie itafute kunguru."

Wifi akachapa. Mstari mmoja ukatokea, na mkuu akapiga makofi. "Dawa iko hapa hapa, na mke wangu anahangaika na ufagio! Nileteeni."

Wifi alikwenda rafuni. Akainama, akapiga magoti, akatoa vitabu na kuvirudisha, mpaka jasho likamtoka. Mkutubi alikuwa dirishani, akipanga magazeti yaliyokwisha kupangwa.

"Hakipo?" mkuu akauliza, na sauti haikuwa ile ya makofi. "Sasa humo ndani umetia vingapi vya hewa? Zima hiyo mashine, mama. Kazi yako iishie leo."

"Mkuu, niliandika kilichokuwa kwenye kadi. Muulize wifi yangu, kadi zake anazijua. Yeye hawezi kukosea."

Hapo mkutubi alikuwa ameshapata alichokitaka. Kunyamaza tu, kiti ni chake. Lakini yule mtu wa kumshuku ndiye aliyesimama pale na vumbi magotini, akimtetea. Akamwomba Mungu ampe ulimi.

"Kadi ile niliiandika mimi, mkuu. Kitabu hakipo duniani. Na huyo mtunzi ni babu yangu, kusoma hakujua."

"Kwa nini?"

"Niliitega mashine."

Mkuu aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Mtaanza upya, droo la kwanza mpaka la mwisho. Wewe na kitabu mkononi, huyu kwenye mashine. Nikikuta kunguru mwingine, mnaruka wote wawili." Akatoka.

Wifi alibaki amesimama. "Ungeniuliza tu, wifi."

"Nikuulize nini?"

"Kama nakitaka kiti chako."

"Unakitaka?"

"Kile kinachouma mgongo? Nikikalie cha nini! Njoo ukifute hicho kitabu mwenyewe."

Mkutubi akaketi, akachapa kwa kidole kimoja herufi alizosomewa, akabonyeza. Kioo hakikusema neno.

"Mbona haijibu?"

"Ikinyamaza ndiyo imekubali."

"Kumbe ya ukoo wenu! Kaka yako naye hivyo hivyo."

Wifi alijibana asicheke, akashindwa. Hata hivyo mkutubi hakunyanyuka. Akamtaka wifi amtafute tena yule kunguru, akakitumbulia macho kioo mpaka kikarudi kitupu. Ndipo akalivuta droo la kwanza, akaenda rafuni kuleta vitabu.