Alhamisi ya Daktari wa Mguu

Nianze kwa kukiri, ili mtu asije akadhani nasimulia habari za mwingine: ni mimi niliyepandisha mguu wa kushoto, umefunuliwa hadi juu ya goti, kwenye kiti kilichotandikwa kitambaa cheupe, mbele ya mgeni wa heshima, huku watoto wa shule wakiimba wimbo wa kumkaribisha. Mke wangu hukisimulia kisa hiki kwa kuchekesha kuliko mimi, lakini yeye hukimbilia kwenye kiti na kuacha sababu, na bila sababu mtu huonekana mwendawazimu tu. Sababu zilikuwepo. Nitazitoa kwa utaratibu.

Miaka ile nilikuwa karani wa kupima majani katika shamba moja la chai upande wa Kiptere. Kazi yenyewe ni kusimama. Wachumaji wanaleta vikapu, wewe unasimama kando ya mizani, unasoma, unaandika, na unaendelea hivyo mpaka lori la majani liondoke. Siku moja ya mvua niliteleza kwenye mtaro kati ya mistari ya chai, na mti wa chai uliokuwa umepogolewa juzi ukanichana muundi wa mguu (urefu wa kalamu iliyotumika nusu, nilipima), na kidonda hicho kikakataa kupona. Dresa wa shamba alikipaka ile dawa ya zambarau kwa miezi mitatu. Soksi zangu zote zikawa za zambarau, na kidonda kikabaki kilivyokuwa.

Ndipo meneja akaniita. Alisema, bila ukali, kwamba anahitaji karani anayeweza kusimama, na mimi nilikuwa nimeanza kuegemea mizani, jambo ambalo mizani haipendi. Kulikuwa na nafasi ya kukaa katika ofisi ya kiwanda, kupokea simu na kuandika vitabu. Angenipa, lakini kwa barua ya daktari, si ya dresa, na kabla mwezi haujaisha. Nisipoileta, ataweka mtu mwingine kwenye mizani, na nyumba ya kambi ni ya mwenye kazi. Tulikuwa na watoto wanne. Kwetu Kisii, sehemu yangu ya shamba la baba ilitosha kujenga jiko, na mtu angelazimika kupikia nje.

Basi nikaanza kumtafuta daktari.

Serikali ilikuwa imefanya matibabu kuwa ya bure, jambo jema kabisa, ila wagonjwa waliongezeka na daktari akabaki yule yule mmoja. Hospitali nitaiacha bila jina. Kila mtu alikuja na chupa yake ya kutilia dawa ya maji, na aliyechoka kusimama aliiacha chupa kwenye foleni imshikie nafasi, akaenda kuketi ukutani. Kwa hiyo ulijikuta umesimama nyuma ya chupa thelathini na bibi mmoja. (Nitazisifu chupa kwa jambo moja: hazisukumi.) Mara ya kwanza nilifika saa mbili, na foleni ilikuwa imefika langoni. Mara ya pili nilifika kabla ya jua, lakini daktari alikuwa ameitwa mahakamani kutoa ushahidi. Mara ya tatu nilifika hadi mlangoni, nikaushika mlango kwa mkono huu, daktari akatoka mbio kwenda chumba cha upasuaji, akaniambia "Pole, mzee," na hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya kwanza. Mara ya nne niliacha chupa yangu ishike nafasi, na niliporudi nafasi ilikuwepo ila chupa ilikuwa imeibwa, na bila chupa hakuna aliyekubali kwamba nafasi ni yangu.

Hapa lazima niseme kidogo kuhusu daftari langu, kwa sababu kosa lote lilitoka humo.

Mimi sikusoma sana darasani. Kiswahili na Kiingereza nilijifundisha mwenyewe, kwa magazeti ya zamani na kamusi isiyo na jalada, na kila nilichogundua nilikiandika. Miongoni mwa nilivyogundua ni kwamba majirani zetu Wakipsigis, watu wema ambao nimeishi nao zaidi kuliko nilivyoishi kwetu, baadhi yao hawaitengi k na g, wala t na d, wala p na b. Mchumaji akikuambia "kari imekuja", ni gari. Akitaka "tawa", mpe dawa. Nikatunga kanuni, nikaipigia mstari kwa wino mwekundu: Neno lisipokaa sawa, geuza herufi. Kanuni hiyo ilinifaa miaka kumi na moja. Sikuandika popote kwamba wapo Wakipsigis wengi wanaotamka kila herufi sawasawa.

Dresa wa dirishani pale hospitali alikuwa Arap Tonui, mtu wa Merigi, mpole, anayesema haraka. Jumatatu ya juma la mwisho la mwezi nilimwendea mara ya tano.

"Bwana Tonui, ni mimi tena."

"Nakuona, mzee. Wewe sasa tumekuhesabu na madirisha."

"Kesho nitamwona daktari?"

"Kesho yuko wodini mchana kutwa."

"Alhamisi?"

"Alhamisi kuna daktari mkuu. Anatoka Nakuru."

Alisema "mkuu". Leo nalisikia neno hilo wazi kama kengele. Lakini wakati ule mguu ulikuwa unanipwita ndani ya soksi, na mtu ambaye mguu unampwita husikia mambo ya mguu. Nikaiendea kanuni. Nikageuza herufi.

"Mguu?" nikamuuliza, maana ni desturi yangu kuhakikisha.

"Ndio, mkuu," akajibu, akivuta dirisha (yeye naye, naamini, alinigeuzia herufi kwa upande wake). "Siku hiyo ni kazi kubwa, mzee. Sisi hapa kesho tunaanza kupaka chokaa."

Chokaa! Nilikwisha kumwona mtu wa kiwandani aliyevunjika mguu, akarudi kutoka hospitali umefungwa kitu cheupe kigumu ambacho sote tuliita chokaa. Jambo likathibitika mara mbili. Nikatoka nikichechemea kwa furaha.

Ningekwenda peke yangu, aibu ingekuwa ya mtu mmoja. Lakini njiani nilikutana na Kogo Taplelei, na hapo ndipo nilipochukua ule uamuzi mdogo ulioniharibia kila kitu: nilimwambia. Kogo ni bibi kwa Kikipsigis, na sote shambani tulimwita hivyo. Alikuwa mchumaji wa zamani kuliko miti mingine ya chai, na goti lake la kulia lilikuwa limevimba tangu mvua za mwaka uliopita.

"Karani, unasema kuna daktari wa mguu tu?"

"Wa mguu tu. Anatoka Nakuru."

"Mguu wote, ama anaishia kwa goti?"

"Wote, Kogo."

"Basi mwenye kuumwa tumbo ni shauri yake," akasema, akaenda kuwaambia wengine.

Kufikia Jumatano nilikuwa na orodha ya watu kumi na wawili, kila mmoja na mguu wake. Niliwapanga kwa ukubwa wa ugonjwa, mbaya zaidi mbele. (Nilijichunguza kwa haki, nikajikuta wa kwanza.) Niliwaagiza waoge, na wenye suruali waje na suruali pana inayopanda, kwa kuwa daktari wa aina hiyo hatakuwa na muda wa kupoteza. Dereva wa lori la majani alikubali kutushusha karibu.

Tulipofika Alhamisi, mawe ya njiani yalikuwa meupe, na mashina ya miti yalikuwa meupe hadi kiunoni. Hakukuwa na foleni, wala chupa hata moja. Mtu mwingine angeshtuka kuona hospitali ya serikali haina wagonjwa. Mimi niliwaambia wenzangu kwamba huo ndio utaratibu wa madaktari bingwa.

Askari wa langoni alitusimamisha. "Nyinyi ni wa nani?"

"Wa daktari mguu," nikasema.

Akasimama wima. "Wa daktari mkuu! Piteni, piteni, mbona mmechelewa?" Akatupeleka mwenyewe mpaka mbele ya jengo, akatupanga mwishoni mwa mstari wa wauguzi waliovaa nguo nyeupe zilizopigwa pasi, mbele ya viti vilivyotandikwa vitambaa. Nikamwambia Kogo, "Unaona tunavyoheshimiwa?" Kogo akasema hajawahi kuheshimiwa mahali akatoka salama. Nikatoa amri, na sote tukakunja suruali na kupandisha nguo mpaka palipohitajika. Kogo akafungua kitambaa, akatupa majani aliyokuwa ameyafunga gotini.

Mara Landrova ikaingia, watoto wakaanza kuimba, na yule daktari wetu mmoja, yule wa "Pole, mzee", akashuka pamoja na mgeni: mtu mnene, mwenye tai na miwani, aliyetembea polepole akimpa kila muuguzi mkono. Muuguzi wa mwisho alipopewa mkono, aliyefuata nilikuwa mimi. Akanyoosha mkono. Mimi nilikuwa nimejitayarisha kwa jambo moja tu, na kiti kilikuwa hapo hapo. Nikapandisha mguu.

Watoto waliendelea kuimba, lakini nyimbo za watoto hupungua upande mmoja baada ya mwingine, na huu ulipungua hivyo.

"Huyu ni nani?" mgeni akauliza.

"Mimi ni namba moja, bwana," nikajibu. "Wa mguu."

"Unajua unaongea na nani? Mimi ni daktari mkuu."

"Ndiyo, bwana. Mguu. Huu hapa."

"Mkuu!"

"Mguu, bwana," nikasema kwa upole, kumsaidia (nilijiambia kumbe na Nakuru wanasema vilevile). Na kwa kuwa nilikuwa nimewaagiza wafuate nitakalofanya, wale kumi na mmoja nyuma yangu wakanyoosha miguu kwa pamoja. Kogo akaliinua goti lake kwa mikono miwili, akaliweka kwenye kiti cha pili.

Nilimwona Arap Tonui dirishani. Alikuwa ameziba mdomo kwa daftari la wagonjwa. Nikaikumbuka Jumatatu, nikarudia maneno yake kichwani moja moja bila kugeuza kitu, na hapo nikaelewa. Ningeshusha mguu, lakini ulikuwa umekakamaa, na bila mtu wa kuushika ningeanguka juu ya mgeni.

Mgeni akamgeukia daktari wetu. "Hii ni nini?"

Daktari wetu alinitazama, kisha akaitazama miguu yote kumi na miwili. Alikuwa kijana, na mgeni huyo ndiye aliyekuwa akimwandikia ripoti ya kazi.

"Ni kliniki, bwana," akasema. "Kliniki ya miguu. Tunayo kila Alhamisi."

"Kila Alhamisi?"

"Kila Alhamisi, bwana."

"Na wanapangwa kwa namba?"

"Kwa ukubwa wa ugonjwa," nikasema, kwa kuwa ilikuwa kweli.

Mgeni akatikisa kichwa kwa kuridhika, akatoa kijitabu mfukoni, akaandika. Kisha akasema angependa kuona kliniki hiyo inavyofanya kazi. Akakaa kwenye kiti cha tatu.

Ndivyo nilivyomwona daktari. Alinitibu akiwa ameng'ata meno, mbele ya mkubwa wake, wauguzi na watoto wa shule. Akafungua kidonda, akachokora, akatoa kijiti cha mti wa chai kama njiti ya kiberiti, kilichokuwa kimekaa humo miezi mitatu chini ya ile zambarau. Nilipiga ukelele ambao mwalimu wa kwaya aliudhania ni ishara, watoto wakaanza wimbo upya.

Barua niliipata. Aliiandika palepale kwa Kiingereza, akaifunga, na mimi (najua si adabu) niliifungua kwenye lori. Ilisema mguu utapona, na mwenye barua apewe kazi ya kukaa. Chini yake alikuwa ameongeza mstari mmoja: masikio yake hayategemeki, asipewe kazi yoyote ya kusikiliza.

Meneja aliisoma mara mbili. Akaniuliza jambo kwa sauti ya chini, nikamjibu sawasawa, lakini barua ya daktari ni barua ya daktari. Kazi ya simu akapewa mwingine. Mimi nikawekwa ghalani kuandika magunia, ambayo hayasemi. Lakini nyumba ilibaki yetu, watoto hawakuhama shule, na mguu ukapona kabla ya mvua kurudi.

Kliniki ya miguu nayo iliendelea. Ilikwisha kuandikwa, na kitu kilichoandikwa Nakuru hakifutiki kwa urahisi. Kogo Taplelei alihudhuria kila Alhamisi mpaka goti likashuka. Siku ile, tukirudi ndani ya lori, hakunilaumu. Alifunga goti, akasema, "Karani, wewe ulisoma mpaka ukapitiliza."

Ukurasa wenye kanuni nimeuchana, na nimejiwekea nadhiri: herufi ya mtu nitaiacha kama alivyoitoa, na nisipoelewa nitamwomba aniandikie. Nadhiri hiyo nimeishika, isipokuwa mahali pamoja ambapo sithubutu kumwomba mtu aandike. Miaka mingi baadaye walinipandisha cheo, nikawa karani mkuu wa ghala. Wachumaji wakipita mlangoni asubuhi na vikapu vyao, wananiamkia kwa heshima, "Chamgei, karani mkuu!", nami naitikia. Wengine wanacheka kidogo wakishapita. Nimesikiliza kwa makini miaka yote hii, na mpaka leo sijui wanatamka herufi gani.