Binti yangu alivyoondoka stendi ya Kange kwa mwendo wa mteja

Wakuu, habari za mapumziko. Wanaosubiri chai watafute uzi mwingine, hapa hakuna hata majani.

Nauza viatu vya mtumba hapa Tanga mjini. Binti yangu Zuhura ana miaka tisa na amekulia mezani kwangu, kati ya raba na makubazi.

Mama yake alipata kazi Maskati. Alipotulia, akasema mtoto amfuate, mimi nimalizie mzigo nije baadaye. Zuhura akagoma.

Hakulia. Alitaja bei.

Ofa ya kwanza: haendi. Nikamwambia ashushe. Akashusha: ataenda na bibi, kitanda na paka.

Bibi akajitoa mwenyewe, ana mihogo yake Tongoni. Kitanda nikakikata. Tukafunga kwa picha ya paka. Begi nikalipima mara mbili, nikajiona mjanja.

Asubuhi stendi, basi la kuwahi ndege, anasafiri na mama yake mdogo. Akanipa mkono, akasema, "Baba, basi mimi naenda." Akaondoka.

Wakuu, ule mwendo naujua. Ndio unaonilisha.

Mteja akiona umekaza bei, hagombani. Anarudisha kiatu, anaondoka taratibu, hageuki, masikio yote nyuma. Anasubiri umwite.

Mtoto alikuwa anasubiri nimwite. Na mdomo wangu ulishafunguka.

Nikimwita, hapandi tena. Nisipomwita, atafika Maskati akijua baba yake hakumwita. Nikapiga hesabu, nikarudia, hasara ikabaki palepale.

Kwenye ngazi ya basi akasimama. Hakugeuka.

"Baba, huniiti?"

"Bei tulishafunga, mama. Ila hujachukua nyongeza yako."

Akarudi mbio. Kwa wasio wafanyabiashara: nyongeza ni kile unachompa mteja juu ya alicholipia, ili kesho arudi kwako. Nilimkumbatia mpaka kondakta akaanza kuguna. Akapanda anacheka. Mimi nikabaki nakagua matairi ya basi lisilo langu.

Juzi kapiga simu ya video kunisimulia. Kambana muuza duka wa huko kwa Kiarabu cha madrasa, kumbe mzee wa watu anajua Kiswahili. Kamuuliza, "We mtoto, kwenu Tanga?" Kampunguzia, na binti kadai nyongeza juu. Mama yake kaona aibu. Mimi nimevimba mpaka leo.

Nilichojifunza: mtoto anayehama usimwambie hapotezi kitu, bei anaiona. Funga bei, halafu toa nyongeza bila kubana.

Wenye watoto ng'ambo, wa kwenu waliondoka kwa mwendo gani? Na wale wa "mimi ningemwita", karibuni, ila mje na ofa.