Halbadiri ya Miche

Wazo la kusoma halbadiri lilikuwa langu. Sina wa kumsingizia. Sisi akina mama wa Chundwa tulikuwa tumepanda miche ya mchu, aina ya mkoko, ufuoni, kwenye tope lililobaki wazi baada ya mikoko kukatwa boriti miaka na miaka. Kila tukishuka tunakuta miche imekatwa vichwa, na maji yameshajaa na kupwa, yamefuta nyayo zote.

Jirani yangu, mkata boriti wa zamani, alikuwa ameonekana pale alfajiri zaidi ya mara moja. Kikulacho ki nguoni mwako, nikawaambia wenzangu. Asokiri dawa yake ni kusomewa: Mungu amuadhibu yeye, wanawe na mali yake.

Ikasomwa ukumbini kwangu, wanaume mbele, sisi nyuma ya pazia. Jirani alikuja bila kuitwa, akakaa karibu na mlango. Watu wakiitikia amin, yeye kimya. Nilichungulia nikamwona, mikono iko magotini. Nikamfinya mwenzangu: umeona? Nilifurahi, Mungu anisamehe.

Asubuhi yake nilishuka peke yangu kutazama miche iliyosalia. Nikawakuta mbuzi wangu wamesimama topeni, wanatafuna. Yule jike mwenye mimba, niliyemfunga kipande cha leso shingoni, alinitazama huku jani linaning'inia mdomoni. Vichaka walivyokuwa wakila nilivifyeka mwenyewe nipande simsim, nikazungushia ua wa miiba, wala sikujiuliza watakula wapi. Nusura nicheke. Kisha jasho likanitoka, maana dua ile hakuna aliyeiitikia kwa sauti kunishinda.

Nilikwenda kwa jirani nimejifunika buibui hadi machoni. Nilimweleza yote. Hakushangaa. Alfajiri zile, alisema, alikuwa akitoka msikitini anapita kuwafukuza mbuzi wangu kabla wenzangu hawajawaona.

"Mbona hukusema, Bwana?"

"Niseme mbele ya watu wote wale, nyumbani kwako?"

"Basi hata amin ungeitika, watu wasikudhanie ni wewe."

Aliinamisha kichwa, yeye ndiye aliyeona haya.

"Ningeitika vipi, Bi, na mbuzi nawayua ni wa nani? Niwaapize wanao?"