Niliota mtoto mchanga, nikamtuhumu mkunga asiye na kosa

Wakuu, salaam kwenu nyote. Walionizidi umri, shikamooni.

Kuna dada humu kauliza maana ya kuota mtoto mchanga kila mara, na majibu yanamiminika: mara mimba, mara hasidi, mara riziki inakuja. Nimeshindwa kunyamaza. Haya yamenikuta mimi mwenyewe na sitii chumvi.

Ilikuwa Unguja, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Mimi seremala, nakaa Jang'ombe na mke wangu, Salma. Tulipata mtoto wetu wa kwanza, wa kike.

Akaishi siku kumi na moja.

Nilimshusha kaburini kwa mikono yangu. Alikuwa mwepesi mno, wakuu.

Salma alizungukwa na wanawake, akalia. Mimi niliambiwa, "Wewe mwanamme, jikaze, mtapata mwengine." Nikajikaza. Siku ya nne nipo kazini napiga randa.

Salma aliposhika mimba ya pili, ndoto zikaanza. Napewa mtoto kafungwa kanga, natafuta pa kumlaza, kila pahala pamerowa. Nazunguka naye mpaka naamka, mikono imekufa ganzi.

Zama zile mwanamme hasemi kuwa anaogopa ndoto. Nilimwambia mwenzangu mmoja tu wa kazini. Akanituma Chwaka kwa mtu anayefasiri.

Nikapanda gari la shamba pale Darajani. Mfasiri alinisikiliza kidogo tu, akauliza, "Nani aliyembeba mwanao mwanzo, kabla ya mamaake?"

"Mkunga."

"Basi mikono hiyo isirudi nyumbani kwako."

Mkunga alikuwa Bi Mwanaisha, jirani yetu, mtu mzima. Ndiye aliyemzalisha Salma, na ndiye aliyemkosha mtoto wetu alipokufa. Sijui watoto wangapi wa mtaa ule walipita mikononi mwake.

Niliporudi nikamkuta barazani, kaja kumkanda Salma miguu. Nikamwambia mbele ya majirani, "Bi Mwanaisha, hapa usije tena. Mmoja uliyemuua ananitosha."

"Mwanangu, unajua unalolisema?"

"Nnajua."

Akavaa buibui lake akaondoka.

Maneno yale yalizunguka mtaa mzima. Wanawake wakaanza kumwepuka, kisha wakaacha kabisa kumwita.

Salma akajifungulia hospitali, mtoto wa kiume, mzima. Nikajua yamekwisha.

Ndoto zikaja vilevile.

Asubuhi moja nikamweleza Salma yote. Akaniuliza, "Uso wa huyo mtoto unauona?"

"Nnauona. Ndiye yeye, yule wa mwanzo." Nikasikia mdomo wangu unasema jambo nililolificha: "Siku ile mvua ilinyesha, Salma. Kaburi liliingia maji. Nilimlaza pamerowa, sikukwambia."

Nikalia. Tangu tumzike nilikuwa sijalia hata mara moja.

Baada ya hapo ndoto zilipungua, ingawa hazikukoma kwa mara moja.

Tukaenda kwa Bi Mwanaisha na kijana wetu. Nikapiga magoti mlangoni. "Nisamehe."

"Nshakusamehe, mwanangu."

Salma akampa mtoto ambebe. Bi Mwanaisha akarudisha mikono nyuma. "Mchukue wewe, wasije wakasema watu."

Nilipita baraza kwa baraza nikikanusha maneno yangu. Wengine waliitikia tu. Mpaka anafariki, sikusikia ameitwa kuzalisha tena.

Dada uliyeuliza, mimi si mfasiri. Najua tu kuwa niliharakia kumtafuta mtu wa kumlaumu, na kumbe nilikuwa na mtoto ambaye sijamlilia. Kama na wewe unaye, anzia hapo. Kumtuhumu mtu kwa ajili ya ndoto, usithubutu.

Waliowahi kuzika mtoto mchanga, hasa wanaume wenzangu, andikeni hapa chini. Hata jina lake tu linatosha.

Wangu alikuwa anaitwa Rahma.