Mstari Mmoja Nilioongeza Kwenye Malalamiko

Nyumba ile haikuwa na mtu. Mlango umepigiliwa misumari, maji ya bomba yamekatwa, kuku wamebebwa na waliowahi.

Lakini maji machafu yaliendelea kuingia uani kwangu.

Siku ya kwanza nikajiambia ni mabaki. Siku ya tisa nikakaa kizingitini, nikiyatazama yanavyoingia.

Ngojeni nianze mwanzo. Nimeishi na hili jambo tangu 1977, na sasa nimezeeka, sina wa kumwogopa.

Naitwa Kulthum. Tulikuwa tunakaa Mengo, kwenye nyumba ya marehemu babu, mtu wa pwani aliyekuja Kampala na biashara ya nguo. Mume wangu alikuwa mtu wa safari, Mombasa kila mara. Nilibaki na binti yetu Shamsia, miaka miwili.

Jirani yangu, ukuta kwa ukuta, alikuwa Mzee Tarcisio Olanya, Mwacholi, mpiga tarumbeta wa bendi ya polisi aliyestaafu. Yeye na mkewe Joska. Watu wa salamu, si watu wa maneno.

Shida ilianza alipojenga bafu la kuegemea ukuta wangu. Bila ramani, bila kibali cha mji.

Baada ya wiki chache, uani kwangu pakaanza kulowa. Kisha pakanuka. Kisha Shamsia akaharisha mpaka macho yakaingia ndani.

Nilimwendea mzee? Wapi! Nilikasirika, nikaandika barua ofisi ya mji.

Bwana afya alikuja, akapima, akampa Olanya notisi: bomoa ndani ya siku kumi na nne. Siku ya kumi bafu bado limesimama. Nikarudi ofisini, moto kichwani.

Karani wa dirishani akacheka. "Dada, malalamiko ya vyoo hapa yamefika darini. Ukitaka hii itembee, ongeza kitu."

Nikafungua pochi.

"Si pesa. Maneno. Sema kwake kuna wageni wanalala, hawajulikani."

Msiniulize kama nilijua. Kampala ya mwaka ule, Waacholi wanawindwa na serikali kama waasi, halafu Mwacholi mwenye wageni wasiojulikana? Kila mtu alijua.

Nikachukua kalamu yake, nikaongeza mstari mmoja.

Walikuja Alhamisi, saa nne asubuhi. Watu watatu, gari halina namba.

Mnajua walimkuta wapi? Juu ya bafu, nyundo mkononi, anang'oa mabati. Dakika tano kabla alikuwa ameniita kutoka huko juu.

"Mama Shamsia, vumilia kidogo. Leo natoa hii kitu yote. Mimi sikujua mtoto iko mgonjwa. Ungesema tu."

Ungesema tu.

"Wewe, shuka!" mmoja wao akafoka. "Wageni yako iko wapi?"

"Wageni gani, afande? Mimi nakaa na bibi yangu tu."

Kofi. Halafu jingine.

Mimi niliingia ndani, nikafunga mlango. Nilimsikia Joska akilia kwa Kiacholi, kisha gari likaondoka na mzee.

Jioni ile Joska akakimbilia kwa dada yake, Nakawa. Askari wakapigilia mlango. Na maji yakaendelea kuja, kama nilivyowaambia.

Nikamwita bwana afya. Vibarua wake wakafuata unyevunyevu kwa majembe, hatua kwa hatua, mpaka chini ya jiko langu.

Bomba la choo changu mwenyewe. La enzi za babu. Limepasuka.

"Pole, mama," bwana afya akasema, akaniandikia notisi. Siku kumi na nne za kutengeneza. Mimi nilipewa karatasi na pole.

Mwezi uliofuata Joska akabisha hodi. Amekonda, viatu vimeisha kwa kuzunguka kwenye mageti ya kambi.

"Mama Shamsia, watu wanasema wewe najua barua ya serikali. Niandikie. Uliza tu bwana yangu iko wapi."

Nikaandika. Kurasa mbili.

Akanishika mikono yote miwili. "Mungu akubariki. Jirani ingine yote ilinikimbia. Wewe tu umebaki."

Ulimi ulikuwepo mdomoni. Nikaikunja barua, nikampa.

Jibu halikuja. Olanya hakurudi, hata mfupa.

Joska alizikwa miaka sita iliyopita, kwao Kitgum. Nilipanda basi nikaenda. Ndugu zake wakanipa kiti cha mbele, wakawatangazia waombolezaji kwamba huyu ndiye rafiki aliyesimama naye siku mbaya.

Watu wakanipigia makofi. Nikakaa kwenye kile kiti mpaka mwisho.

Nawaambia ninyi mnaosoma: jirani akikukera, toka ukagonge mlango wake. Mgombane, mtukanane, msisalimiane mwaka mzima. Yote hayo yanatengenezeka. Mimi kufika kwake ilikuwa hatua ishirini, nikaona mbali.